Ugonjwa wa Tumbo Usioisha, Hedhi na Mimba: Tulikotoka

   Kama una kitu jikoni punguza moto, uvute kiti, tuzungumze.

Leo nitaanza na swali. Siku moja baada ya kliniki ya watoto, mama mmoja alibaki nyuma mpaka wenzake wote wakaenda. Hakuwa na mtoto mkononi. Aliketi kwenye benchi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, mtu akiwa na ugonjwa wa tumbo usiopona, anaweza kupata mimba?" Alikuwa ameolewa kwa miaka minne. Alikuwa amepimwa kwa kamera ya utumbo na kuambiwa ana vidonda vya kudumu katika utumbo mpana, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Kisha mama mkwe akamwambia kwamba vidonge hivyo ndivyo vinavyomchoma kizazi. Akavitupa chooni. Kwa miezi mitano sasa alikuwa akiendesha damu, hata mara nane kwa siku. Alikuwa amekonda na hedhi ilikuwa imekatika. Hedhi ilipokatika alifurahi, akidhani ni mimba. Alipima mara tatu kwa kile kipimo cha duka la dawa, na mara zote hakuna.

Nilimpa jibu fupi: ndiyo, unaweza kuzaa, na wengi wenye ugonjwa kama wako wamezaa. Tena vidonge ulivyovitupa ndivyo vilivyokuwa vikikusogeza karibu na mtoto. Lakini niliona usoni mwake kwamba jibu fupi halikumtosha. Na sikumlaumu mama mkwe pia, kwa maana hofu aliyokuwa nayo hakuibuni yeye. Madaktari wenyewe waliwahi kuwa na hofu kama hiyo, na waliisema kwa muda mrefu. Kwa hiyo leo nataka tuangalie nyuma, tuone hofu hii ilitoka wapi na iliondokaje.

Kwanza tuelewane ni ugonjwa gani tunaozungumzia. Si kuendesha kwa siku tatu baada ya kula chakula kilicholala. Ni magonjwa ambayo kinga ya mwili inaugeukia utumbo wenyewe, utumbo unavimba na kutoka vidonda. Yapo mawili makubwa. La kwanza ni kolaitisi ya vidonda, ambalo hukaa katika utumbo mpana na kuleta choo chenye damu na makamasi. La pili ni ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika mahali popote tangu mdomoni mpaka njia ya haja kubwa. Yote mawili hulala na kuamka. Yakilala, mtu anafanya kazi zake kama kawaida. Yakiamka, anashinda chooni. Hayaambukizi, na mpaka leo hayana dawa ya kuyamaliza kabisa, ila kuna dawa za kuyalaza.

Sasa twende London, mwaka 1859, kwa sababu huko ndiko tunakomkuta mwanamke ambaye tumbo lake lilikuwa kati ya ya kwanza kuandikwa na madaktari kuhusu ugonjwa huu. Aliitwa Isabella Bankes, naye alikuwa na umri wa miaka 40 na kitu. Alikuwa akiishi Richmond, karibu na London, na daktari mmoja aitwaye Thomas Smethurst, aliyemwoa ilhali ana mke mwingine. Mwezi wa tatu mwaka huo Isabella alianza kutapika na kuendesha damu. Mwezi wa tano akafa. Watu wakasema amelishwa sumu. Smethurst akashtakiwa kwa mauaji na kuhukumiwa kunyongwa.

Daktari Samuel Wilks wa hospitali ya Guy's ndiye aliyeuchunguza utumbo wa marehemu. Aliukuta umejaa vidonda na uvimbe, akaandika kwamba huo ni ugonjwa wa utumbo wenyewe. Na yule mtaalamu wa sumu aliyedai ameona aseniki alikuja kukiri kwamba sumu hiyo ilitoka katika vifaa vyake vya kupimia. Smethurst akasamehewa kosa la mauaji, akafungwa mwaka mmoja kwa kuoa mke wa pili kinyume cha sheria. Madaktari wa baadaye wamebishana kama Isabella alikuwa na kolaitisi au ugonjwa wa Crohn. Lakini jambo moja lililoonekana katika uchunguzi halisemwi sana, nalo ndilo linalotuhusu sisi: Isabella alikuwa na mimba changa.

Mama mwenzangu, nikisoma habari hiyo huwa najiuliza mambo mengi. Mwanamke anatapika, anaharisha damu, ana mimba ya wiki chache. Walio karibu wanatazamana. Nani alimpikia? Hapa kwetu pia, mwanamke akikonda namna hiyo, maneno huanza kwenye ploti kabla hajafika hospitali: amelishwa kitu, amerogwa na mke mwenza, amefungwa tumbo. London ya 1859 haikuwa tofauti sana na Dandora.

Miaka mingi ilipita. Mwaka 1932, Burrill Crohn na wenzake wawili, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, walieleza wagonjwa 14 wa hospitali ya Mount Sinai huko New York waliokuwa na uvimbe wa kudumu mwishoni mwa utumbo mwembamba. Jina la Crohn ndilo lililobaki, kwa sababu tu lilitangulia kwa alfabeti. Ndivyo magonjwa yanavyopewa majina.

Na huku kwetu Afrika Mashariki? Huku tuliambiwa hatuna ugonjwa huo. Daktari Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, kisha akafanya kazi Uganda katika hospitali ya Mulago kwa miaka mingi. Mwaka 1960 alitoa kitabu kizima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika. Mwenzake, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, alikuwa Uganda kuanzia 1946 hadi 1966. Hao wawili waliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaa Ulaya ni adimu hapa. Burkitt aliamini sababu ni chakula chetu: mahindi, maharagwe, ndizi, mboga, vyote vyenye makapi mengi. Alifika mahali pa kukusanya na kupima uzito wa kinyesi cha watu wa nchi mbalimbali. Msicheke. Kazi hiyo ndiyo iliyoufundisha ulimwengu kula vyakula visivyokobolewa.

Lakini neno "adimu" lina tabia ya kugeuka kuwa "hakuna". Ukimfundisha mwanafunzi kwamba Mwafrika hapati kolaitisi, atakapomwona Mwafrika mwenye kolaitisi atasema ni amiba. Mwaka 1966 madaktari Billinghurst na Welchman waliandika katika jarida la madaktari la Uingereza kuhusu Waafrika wanne waliokuwa na kolaitisi ya vidonda. Wanne tu. Lakini hao wanne walitosha kuonyesha kwamba ugonjwa upo, na kwamba anayeutafuta anaweza kuupata. Kuutafuta kunahitaji kamera ya utumbo, na kamera hizo zilikuwa chache, ziko mjini, na zina gharama. Hata leo ni hivyo kwa wengi wetu.

Kisha likaja jina lingine la kuuficha. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda, pamoja na wenzao wa nje, waliandika kuhusu ugonjwa mpya wa wilaya ya Rakai ambao wananchi waliuita "slim", kwa sababu mtu anaendesha na kukonda mpaka anaisha. Huo ulikuwa Ukimwi. Tangu hapo, mwanamke akikonda na kuendesha, majirani hawakuhitaji kipimo tena. Wapo akina mama waliopima virusi mara nne, mara tano, kila mara hakuna, na bado watu hawakuamini. Waume wengine waliondoka kwa sababu hiyo.

Nisiwe nasema ya wengine peke yake. Nilipomaliza diploma yangu niliajiriwa katika zahanati moja ambayo sitaitaja. Alikuwa anakuja msichana wa miaka 16, mama yake akiwa naye. Tumbo, damu kwenye choo, homa za mara kwa mara. Nilimpa dawa ya amiba. Akarudi, nikampa tena. Akarudi mara ya tatu, nikampa tena, na nikamwambia mama achemshe maji. Mama akasema, "Sista, maji nachemsha. Na huyu mtoto hajaanza kuona mwezi, wenzake wote wameanza." Nilimwambia asubiri, kila msichana na wakati wake. Sikupima hata damu yake. Sikumpima urefu wala uzito. Baada ya mwaka mmoja nilisikia kwamba hospitali nyingine ilimkuta na ugonjwa wa Crohn. Yale maneno ya mama ndiyo yaliyokuwa jibu, nami nikayapita.

Kwa hiyo hapa ndipo nitakaa kidogo, kwenye hedhi.

Msichana mwenye ugonjwa wa utumbo tangu utotoni anaweza kuchelewa kukua na kuchelewa kuvunja ungo, hasa mwenye ugonjwa wa Crohn. Chakula anakula lakini mwili haukipati, na uvimbe wenyewe unazuia kukua. Akifika miaka 15 bila hedhi, apelekwe kupimwa. Akiwa pia anaendesha mara kwa mara na ni mfupi kuliko dada zake walivyokuwa, usingoje hata hiyo 15.

Kwa mwanamke mzima, ugonjwa ukiamka hedhi inaweza kuvurugika: inaruka mwezi, inakuja kidogo, au inakatika kabisa. Mwili uliokonda na wenye uvimbe unaahirisha kazi ya uzazi kwanza. Si kwamba kizazi kimekufa. Ugonjwa ukitulia na uzito ukirudi, kwa kawaida hedhi nayo hurudi. Ila usimeze dawa za kienyeji za kuirudisha hedhi kabla ya kupima mimba, kwa sababu inawezekana kweli ni mimba.

Jambo la pili, wengi huniambia, "Nikiingia mwezini tumbo linaniendesha zaidi, ni mawazo yangu?" Si mawazo. Wakati wa hedhi mwili hutoa kemikali za kuukaza mji wa mimba ili damu itoke. Kemikali hizo hazichagui, zinaukaza na utumbo ulio karibu. Hata mwanamke asiye na ugonjwa wowote anaweza kuharisha siku ya kwanza ya hedhi. Mwenye kolaitisi au Crohn anasikia zaidi. Basi chukua kalenda ya ukutani, ile tunayopewa dukani mwisho wa mwaka. Siku ya hedhi tia alama moja, siku ya kuendesha damu tia alama nyingine. Baada ya miezi mitatu wewe na daktari mtaona kama ni mwezi unaolivuruga tumbo, au ni ugonjwa unaoamka wenyewe. Bila kalenda hiyo unaweza kuongezewa dawa kali bila sababu.

Na maumivu ya hedhi je? Hapa tafadhali nisikilize. Vile vidonge vya maumivu vinavyouzwa kila kioski, vya aina ya Brufen na diclofenac, vinaweza kuuamsha ugonjwa wa utumbo kwa baadhi ya watu. Anza na paracetamol na chupa ya maji ya moto tumboni. Ukihitaji zaidi, muulize daktari anayekutibu.

La tatu linaonewa aibu, kwa hiyo nitalisema mimi. Damu hii inatoka wapi? Choo cha ploti hakina taa, foleni iko nje, mtu anabisha mlango. Mwanamke anaona damu, anasema ni mwezi, anatoka. Nimekutana na waliovuja damu ya haja kubwa mwaka mzima wakidhani hedhi imeharibika. Jipanguse mbele kwanza kwa karatasi moja, kisha nyuma kwa karatasi nyingine, utajua. Na ukiona upepo au choo kinapita mbele, ukeni, hiyo ni fistula. Tumezoea kwamba fistula inaletwa na uchungu wa kuzaa uliokwama, na mara nyingi ndivyo. Lakini ugonjwa wa Crohn pia unaweza kuitoboa. Mwambie daktari, hata kama hujawahi kuzaa.

Damu ya njia mbili humaliza mtu upesi. Kama umechoka mpaka ngazi ya ghorofa inakushinda, pima kiwango cha damu. Vidonge vya kuongeza damu hufanya choo kiwe cheusi, usiogope hilo. Vikikuvuruga tumbo sana, kuna njia nyingine, hata ya kutiwa kwa mshipa.

Sasa turudi kwa swali la yule mama, mimba.

Zamani madaktari wengi waliwashauri wanawake wenye kolaitisi wasizae kabisa. Walikuwa wamewaona wachache waliopata mimba wakati ugonjwa umeamka, na wengine waliumia sana. Hawakuwaona wale waliobeba mimba vizuri nyumbani, kwa sababu hao hawakuwa na haja ya kwenda hospitali. Mwaka 1956 Crohn, yule yule, alitoa na wenzake taarifa mbili kuhusu wajawazito, moja ya kolaitisi na moja ya ugonjwa uliopewa jina lake. Kazi kama hizo, na nyingi zilizofuata, zilionyesha kwamba kinachoamua zaidi ni hali ya ugonjwa siku mimba inapotunga. Ukiwa umelala, mwanamke ana nafasi ya kushika mimba inayokaribia ya mwanamke mwingine yeyote, na mimba nyingi huenda salama. Ukiwa umeamka, madaktari wana hesabu yao ya mafungu matatu: karibu theluthi moja ya wanawake hupata nafuu, theluthi hubaki vile vile, na theluthi huzidiwa. Hatari ya mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati huongezeka. Ndiyo maana siku hizi tunashauri ugonjwa uwe umetulia kwa miezi mitatu, bora sita, kabla ya kutafuta mtoto.

Dawa nazo zina historia yao. Mwishoni mwa miaka ya 1930 huko Sweden, daktari mwanamke, Profesa Nanna Svartz, alishiriki kutengeneza dawa ya sulfasalazine akiwa anatafuta tiba ya viungo. Akaona inawasaidia wenye kolaitisi. Mpaka leo ni dawa ya bei nafuu kuliko nyingine nyingi, na ndiyo aliyoitupa yule mama. Haichomi kizazi. Wajawazito wameitumia kwa miaka mingi. Inapunguza tu asidi ya foliki mwilini, ile tunayowapa kliniki pamoja na vidonge vya damu, kwa hiyo anayeitumia huongezewa kiasi, akianza kabla ya mimba.

Lakini akina baba msiondoke, kwa maana sehemu hii ni yenu. Mwaka 1979 madaktari wa Uingereza waliandika kwamba sulfasalazine inapunguza mbegu za mwanamume. Mwanamume mwenye kolaitisi anayeimeza anaweza kukaa miaka bila kumpa mke mimba. Akibadilishiwa dawa, mbegu hurudi baada ya miezi miwili mitatu hivi. Ni ndoa ngapi mke ameitwa tasa na kurudishwa kwao, na sababu iko kwenye chupa ya dawa ya mume? Asiache dawa kimya kimya, aende abadilishiwe.

Dawa ya kuogopa kweli katika mimba ni methotrexate. Hiyo hudhuru mtoto, na lazima iachwe miezi kadhaa kabla, kwa maelekezo ya daktari. Nyingine nyingi, kama prednisolone na azathioprine, mara nyingi mama huendelea nazo kwa uangalizi wa daktari, na kwa kawaida hazimzuii kunyonyesha. Zile sindano mpya za bei kali, kama infliximab iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa wa Crohn mwaka 1998, zilifuatiliwa huko katika utafiti ulioanza mwaka 2007. Matokeo ya wajawazito zaidi ya 1,400 yalitolewa mwaka 2021, na hayakuonyesha kwamba dawa hizo ziliongeza watoto wenye kasoro za kuzaliwa.

Hapa kuna onyo moja ambalo sisi wauguzi wa Kenya tunalihitaji kuliko wenzetu wa Ulaya. Mtoto wetu akizaliwa anachomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, siku za kwanza kabisa. BCG ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Mama aliyetumia infliximab au sindano za jamii hiyo katika mimba huipitisha kwa mtoto, na kinga ya mtoto inakuwa chini kwa miezi. Mwaka 2010 iliandikwa huko Uingereza habari ya mtoto aliyekufa baada ya kuchomwa BCG, mama yake akiwa ametumia infliximab. Kwa hiyo mwambie muuguzi wa wodi ya kuzaa kabla mtoto hajachomwa, na iandikwe kwenye kitabu cha kliniki. Chanjo zenye vijidudu hai, pamoja na matone ya mdomoni ya polio na ya rota, kwa kawaida husubiri angalau miezi sita au kama daktari atakavyosema. Zingine zote mtoto apate kwa wakati wake. Na kama mama alikuwa akimeza sulfasalazine tu, chanjo zote ziendelee kama kawaida. Sitaki mtu anyimwe BCG kwa kunisikia vibaya.

Upasuaji sitausema kwa urefu. Mwaka 1978 madaktari wawili wa London, Parks na Nicholls, walieleza njia ya kuondoa utumbo mpana wote na kushona mfuko wa ndani, ili mgonjwa asibebe mfuko wa choo nje ya tumbo. Wengi walishukuru. Baadaye ikaonekana kwamba wanawake waliofanyiwa hivyo hupata shida zaidi kushika mimba, kwa sababu makovu hushikana na mirija ya uzazi. Kwa hiyo mwanamke kijana akiambiwa anahitaji upasuaji huo, aulize mapema: nitazaa lini, kabla au baada? Ni haki yake kuuliza.

Na tusisahau kifua kikuu. Kifua kikuu cha utumbo kinafanana sana na ugonjwa wa Crohn, hata kwa kamera. Kifua kikuu hicho hicho kikishika mirija ya uzazi huiziba. Mwanamke wa Eastlands mwenye tumbo lisiloisha na asiyeshika mimba apimwe hicho pia, hasa kabla hajapewa dawa za kushusha kinga, kwa sababu zinaweza kukifumua.

Kwa wale ambao bado hawajawa tayari kuzaa, vidonge vya kupanga uzazi huenda visifanye kazi siku unazoharisha sana au kutapika, maana vinatoka kabla havijaingia mwilini. Vijiti vya mkononi havina shida hiyo. Koili ya shaba inaweza kuongeza damu ya hedhi kwa mtu ambaye tayari ana upungufu. Sindano ya miezi mitatu hupunguza nguvu ya mifupa, na prednisolone ya muda mrefu nayo hupunguza, kwa hiyo mwenye kutumia zote mbili aseme. Ukienda kupanga uzazi utaje ugonjwa wako wa tumbo, hata kama hukuulizwa.

Mwisho, jambo la hapa nyumbani. Dandora ilianza kujengwa mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ploti kama 6,000. Kila mwenye ploti alipewa choo na bafu vilivyounganishwa na maji taka, halafu ajenge vyumba mwenyewe. Choo kimoja, familia moja au mbili. Leo ploti hiyo hiyo ina ghorofa na wapangaji tele, na foleni ya asubuhi mnaijua. Mwenye ugonjwa huu anaamka saa tisa usiku, na akiwa mwezini anahitaji maji na mahali pa kubadilisha sodo. Nimewaona wanaoacha kula ili wasiende chooni, na hapo ndipo wanapokonda na hedhi kukatika. Majirani, akibisha mlango mara ya pili, mpisheni. Nawe mwenye ugonjwa, ndoo yenye kifuniko chumbani usiku si aibu.

Kuanza, njoo kituo cha afya kilicho karibu, Dandora 1 au Dandora 2, utapimwa choo, damu na mimba. Ikihitajika utaandikiwa rufaa kwenda Mama Lucy Kibaki au Kenyatta. Kumbuka NHIF iliisha mwezi wa kumi mwaka 2024, sasa ni SHA, kwa hiyo ujiandikishe kabla ya kupewa siku ya kamera.

Yule mama alirudi na mume wake. Ameanza dawa upya na foliki. Mwezi wa tatu hedhi yake ilirudi, akaja kunionyesha kalenda, ina alama mbili tu za damu ya tumbo. Mimba bado. Daktari amemwambia angoje miezi mingine mitatu, naye amekubali, ingawa mama mkwe bado ananung'unika. Nimemwalika mama mkwe aje kliniki siku ya Alhamisi tuongee, ameahidi atakuja.

Juma lijalo tutazungumza juu ya mtoto anayekataa kunyonya. Kwa leo ni hayo. Kwaherini.